Ram Zilizovaa Koti la Bluu

Jumatatu, 3 Agosti 2009

Jana tumemuua mtu hewani. Nacheka huku naandika, ila asubuhi hakuna aliyecheka.

Ilikuwa jioni, wakati wa matangazo ya vifo. Hajira, mtangazaji wetu, alishayarekodi yote mapema, kompyuta ya studio inayatoa moja baada ya jingine. Ikafika "tunasikitika kutangaza kifo cha" — kimya. Redio nzima kimya. Nikakimbilia nyaya, nyaya nzima. Kabla sijafanya lolote mashine ikazinduka yenyewe, ikaliacha lile tangazo katikati na kurukia linalofuata: "Mzee Margwe wa Gendabi". Tangazo la Margwe lilikuwa la biashara. Anauza madume ya ng'ombe. Lakini nani alibaki kusikiliza habari za madume? Watu walishaanza kulia.

Leo asubuhi ndugu zake wakafika kwake na sukari na mablanketi. Dada yake analia toka barabarani. Wakamkuta marehemu anatengeneza zizi.

Mzee kaja mwenyewe redioni, juu ya lori la mahindi, fimbo mkononi. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, kisha akaniuliza taratibu kabisa, "Binti, nimekufa lini?"

Mwalimu Patriki, meneja wetu, akampa kiti, chai na maneno mengi ya pole. Mzee hakutaka pole. Alitaka maiki. Hajira akamwingiza hewani katikati ya salamu. Akataja jina lake, ukoo wake na kijiji chake, akasema yuko hai na madume bado yapo. Mchana alikuwa ameshapata mteja. Kaondoka ameridhika sana. Nadhani angependa afe tena mwezi ujao.

Jumanne, 4 Agosti

Leo hakuna cha kucheka.

Lile tangazo lililokatika lilikuwa la mama mmoja wa Maretadu. Binti yake, Lucia, ameolewa huku kwetu Hanang, mbali na barabara, simu haishiki. Redio ndiyo simu yake. Jumapili alisikia "kifo cha", akasikia Margwe, akasema Mungu ampumzishe, akaendelea kusonga ugali. Mama yake amezikwa jana, yeye hayupo.

Kaja na mtoto mgongoni. Hakugomba. Aliomba kulisikia tangazo lote. Nikamfungulia rekodi. Alisikiliza amesimama — jina la mama, kijiji, siku ya maziko, majina ya watoto, na lake likiwemo. Akaomba tena. Mara ya pili akasema, "Ndiye." Akashukuru. Kashukuru! Halafu akaenda stendi kutafuta gari la Mbulu.

Jioni Mwalimu Patriki akaniita. "Kornelia, hii mashine ina nini?" Nikasema sijui. Akasema, basi ujue.

Jumatano, 5 Agosti

Nimejua. Karibu nimejua.

Nimeifungua mashine stoo, tumerusha matangazo na ile ndogo ya ofisini. Kwanza nusura niiue mwenyewe: sweta la sufu na upepo huu mkavu wa Agosti, kila nikigusa chuma napigwa cheche. Cheche hiyo kwa mtu ni kero, kwa ram, kile kibao cha kumbukumbu ya kompyuta, ni kifo. Nikavua sweta. Nikawa natetemeka kama mwanakondoo, mkono mmoja kwenye kasha, mkono mwingine kazini.

Ndani kuna ram mbili. Moja kuukuu, imekuja na mashine. Nyingine mpya, Mwalimu aliinunua Juni dukani kwa Muksini, kaka yake Hajira. Nzuri kwa macho! Imevaa koti la alumini la bluu, na mchoro wa radi. Nikaitoa ile ya bluu, nikaiacha kuukuu peke yake, nikaweka CD ya kupima kumbukumbu. Safi. Nikabadilisha, nikaweka ya bluu peke yake. Safi pia! Nikakata tamaa, nikaenda kula. Kurudi — skrini nzima nyekundu. Makosa yanashuka kama mvua.

Kwa hiyo ikiwa baridi inakumbuka. Ikipata joto inasahau. Na jioni, baada ya kazi ya siku nzima, ndiyo saa ya vifo.

Nimemwambia Mwalimu. Akauliza kama ni ile moja tu mbovu au ni aina yake yote. Swali zuri.

Alhamisi, 6 Agosti

Kamati ya redio imekaa. Wamekubaliana kompyuta zote za redio zipewe ram mpya, za aina moja, na mimi ndiye nichague. Nizipime, niwaeleze kwa Kiswahili cha kueleweka. Si bei tu, alisema Mwalimu, wala si rangi. Niangalie zilivyoundwa.

Nimepata aina tatu. Muksini kanipa za bluu tano, bila hata kuuliza za nini. "Pima dada, ukimaliza utarudisha." Hermani, niliyesoma naye Arusha, kanitumia kwa basi aina mbili: nyekundu yenye koti refu, na ya kijani isiyo na koti kabisa, uchi kama ilivyozaliwa.

Hajira kaziona mezani. Akasema bila shaka za kaka ndizo zitashinda, zimependeza. Nikacheka. Sikumwambia bado ile iliyotukwamisha ilitoka wapi. Anajua, nadhani. Sijui kama anajua.

Ijumaa, 7 Agosti

Siku tamu! Mlango wa stoo nimefunga, lenzi ya kusomea ya Mwalimu nimeazima, dirisha lina jua.

Ya kijani kwanza. Mbaya wa sura. Lakini ubao wake mnene, haupindi nikiukandamiza kwenye sloti. Ukingo umekatwa ukalainishwa, hauchubui kidole. Yale meno ya dhahabu chini yamelingana yote, dhahabu imejaa mpaka pembeni. Chipu nane, zote ndugu wa tumbo moja: ukubwa uleule, maandishi yaleyale, wiki ileile ya kutengenezwa. Lehemu zinang'aa, hakuna uchafu katikati. Inaingia kwenye sloti kwa mlio mmoja, klap, vishikizo vinafunga vyenyewe.

Nyekundu. Nilijiandaa kuichukia kwa ajili ya koti lake, nikashindwa. Koti limebanwa kwa vibanio vya chuma, ndani kuna utando laini unaogusa kila chipu, kwa hiyo joto linapanda kwenye alumini na kutoka. Aliyeiunda alifikiri. Tatizo ni urefu. Kwenye mashine zetu inagonga feni ya prosesa. Nimejaribu kuinamisha, nimejaribu kubembeleza. Wapi. Kama kijana mrefu kwenye nyumba ya chini.

Za bluu. Hapa nimekaa sana. Ubao mwembamba, nikibonyeza unajikunja kama kadi ya mwaliko. Vishikizo vinafunga upande mmoja, upande wa pili mpaka nilazimishe. Meno ya dhahabu kwenye mbili yana mikwaruzo — ni mikwaruzo ya kuingia na kutoka kwenye sloti. Mpya haiwezi kuwa nayo. Nimefuta moja kwa raba ya penseli, kama tunavyofanya tukisafisha. Dhahabu ikafifia na shaba ikachungulia. Raba tu!

Koti sijalivua. Limegandishwa kwa gundi. Nikilivua, ram si ya kurudisha tena dukani.

Hajira kaniletea mandazi, akauliza vipi. Nikasema naendelea.

Jumamosi, 8 Agosti

Nanenane. Mji wote uko uwanjani, kuna mahindi makubwa na mbuzi waliooshwa. Mimi na CD yangu. Ya kijani imepimwa toka asubuhi, nimeifunika mashine kwa mfuko ili ipate joto la makusudi. Haikuteleza hata kidogo. Nyekundu nimeipima kwenye mashine ya mteja ninayemtengenezea, yenye nafasi kubwa, safi vilevile.

Za bluu: moja imepita. Moja imepita asubuhi, mchana ikaanza kusahau. Moja haikuwaka kabisa. Nyingine ikapita vizuri kuliko zote! Ya tano makosa machache, hapa na pale, yale mabaya zaidi, kwa sababu mtu hawezi kuyaona mpaka siku yamemkata mtu tangazo.

Na kwa sura zote tano ni mapacha.

Jumapili, 9 Agosti

Misa. Upepo. Lucia alikuwepo kanisani, amejifunga nguo nyeusi. Tumesalimiana. Amesema Maretadu walimpeleka kaburini, akapanda maua. Kaniuliza kama redio imepona. Nikasema inatibiwa.

Jumatatu, 10 Agosti

Nimevua koti.

Nimemwomba Muksini ruhusa kwa simu, akasema vua hata zote. Nikaingiza kiwembe taratibu. Ndani hakuna utando wa kupitisha joto. Kuna gundi ya sponji, ile ya pande mbili ya kubandikia vioo. Sponji! Hilo koti halitoi joto, linalitunza. Ni koti kweli, koti la kuchungia ng'ombe kwenye baridi ya Endagikot mwezi wa Julai.

Na chini ya sponji, chipu. Tatu kubwa, tano ndogo. Majina yamesuguliwa kwa msasa mpaka yamefutika. Lehemu za mkono, kahawia pembeni, nyingine zimevimba. Si ram mpya. Ni vipande vya ram zilizokufa, vimeokotwa, vimeunganishwa na kuvishwa nguo ya sherehe.

Nimemwita Hajira aone kabla hajasikia kwa mtu. Alitazama kwa lenzi muda mrefu. Nilidhani atauliza kitu. Akasema, kwa hiyo kaka yangu ni mwizi? Nikasema sijasema hivyo. Akasema kamati watasema, na mji wote wa Katesh utasema, na wewe Kornelia ndiye utakayekuwa umewapa la kusema. Akaenda kusoma salamu za mchana kwa sauti ya furaha kabisa. Ana kipaji, mwanamke huyu. Alipotoka studio akanipita kama mlango.

Nimekula mchana peke yangu. Chakula hakina ladha bila umbea wa Hajira.

Jumanne, 11 Agosti

Nimeenda dukani mwenyewe. Ni la kwanza ukitoka stendi, ubao wa juu umeandikwa "Saleh na Wanawe". Mzee Saleh, baba yao, alilifungua enzi biashara ilipofunguliwa, watu walipoacha kupanga foleni ya sabuni. Alianza na betri na khanga. Sasa hivi simu, sola, redio, na kompyuta za Muksini kwenye kona. Mzee alikuwepo, amekaa nje juani. Shikamoo, marahaba, habari za kwetu Mbulu, habari za mama. Nikapita ndani.

Nilimwonyesha Muksini ile iliyovuliwa. Sikusema mengi. Akaigeuza, akagusa pale palipopigwa msasa. Ameuza vifaa miaka mingi, hakuhitaji lenzi. Akanieleza alizichukua Kariakoo kwa muuzaji wa jumla, maboksi yamefungwa, nailoni haijaguswa. Akapiga simu ya huyo mtu mbele yangu. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani.

Akaingia nyuma, akatoa boksi zima, akaniwekea mikononi. "Pima zote," akasema. "Nataka kujua nimeuza nini."

Njiani nililibeba kama mayai.

Jumatano, 12 Agosti

Stoo imekuwa zahanati. Mashine mbili zinapima kwa zamu, mimi naita mgonjwa anayefuata. Mchana mlango ukafunguka, Hajira. Akavuta ndoo, akaikalia, akaanza kuzipanga: waliopona huku, waliokufa kule. Baada ya muda akauliza kwa nini hii imepita na hii hapana, wakati zimefanana. Nikamweleza: aliyeziunganisha aliokota alichopata. Ukiokota kizima unapata nzima. Akasema kama kununua maharage gizani. Nikasema ndiyo. Tukacheka kidogo. Baadaye tukacheka sana, sijui kuhusu nini. Karibu nusu ya boksi ni mbovu.

Jioni nimewaambia kamati. Nimewapa zote tatu mkononi, kila mtu akapindisha, akagusa ukingo, akavuta kishikizo. Mwalimu Patriki akafumba macho na kuzipima kwa vidole tu, akaichagua ya kijani bila kuona. Imepita ya kijani. Nyekundu nimeitetea kwa heshima: si kosa lake, nyumba yetu ndiyo fupi.

Mjumbe mmoja akauliza redio itasema nini kuhusu za bluu. Muksini alikuwa amesimama mlangoni, hakuna aliyemwita. Akasema redio isiseme. Atasema yeye. Kauza ram hizo Dongobesh, Mbulu mjini, shuleni, kwenye zahanati moja, kwa watu waliopita njia tu ambao hata majina hana. Hawezi kuwafuata. Ila wanasikiliza redio. Anaomba nafasi Ijumaa baada ya swala.

Hajira akaiandika kwenye ratiba ya Ijumaa.

Alhamisi, 13 Agosti

Ram za kijani zimefika na basi. Nimeweka ya studio. Klap. Nimeipasha joto, nimeifungulia vipindi vyote kwa pamoja, nimeitukana. Haijatetereka. Jioni matangazo ya vifo yamesomwa yote toka mwanzo mpaka mwisho. Mimi na Hajira tulisimama nyuma ya kioo bila kupumua. Majina yote yamefika.

Lakini kwa akina Hajira hakuna amani. Kanisimulia tukifunga studio. Mzee Saleh amekataa. Anasema atakayekuja na mbovu abadilishiwe, kimya kimya, kwa adabu, na chai juu yake. Ila kupanda redioni na kujitangaza? Jina lililo kwenye ubao ni lake, si la Muksini. Amelijenga toka enzi za betri. Muksini kamjibu kwa heshima kwamba anayeishi mbali na barabara hatajua aje kubadilisha nini. Baba akasukuma sahani. Hakula.

Nikamuuliza Hajira yeye yuko upande gani. Akasema ndiye mtangazaji wa zamu kesho. Hilo si jibu. Au ni jibu.

Ijumaa, 14 Agosti

Naandika hapa hapa kwenye mitambo, daftari gotini. Mikono inataka kazi.

Swala imetoka. Muksini ameingia na kanzu yake, amekaa mbele ya maiki. Uso mkavu. Ameniomba maji, hajayanywa. Hajira yuko upande wa pili wa meza, amevaa hedifoni, anapanga makaratasi ambayo hayahitaji kupangwa. Wimbo unaisha.

Mlango wa nje. Mwalimu Patriki anasema karibu, karibu mzee.

Ni Mzee Saleh. Kofia, mkongojo, vumbi la barabarani. Ametembea. Nimesimama, shikamoo imenitoka kwa kunong'ona. Ameitikia kwa mkono tu. Ameingia studio moja kwa moja. Hajira kageuka kwangu nyuma ya kioo, macho yananiuliza: tukate? Sijui! Wimbo umebakia mwishoni mwishoni. Nimemwonyesha kidole gumba bila kujua kwa nini.

Mzee amevuta kiti, amekaa ubavuni kwa mwanawe. Hajamtazama.

Taa nyekundu. Hajira kasoma ufunguzi, sauti yake ileile ya siku zote, ila jina la mgeni kalitaja polepole, kama la mtu asiyemjua. Halafu kamwachia.

"Asalaam aleikum, na Tumsifu Yesu Kristo kwa wenzetu," Muksini kaanza. "Naitwa Muksini Saleh, wa duka la Saleh na Wanawe, hapa Katesh stendi. Toka mwezi wa tano nimeuza ram za kompyuta zenye koti la bluu. Mimi ndiye niliyeziuza, na—"

Mzee kamshika mkono. Muksini kanyamaza. Hewani kimya. Nimekodolea macho kompyuta — inakwenda, inakwenda vizuri, kimya hiki si chake.

Mzee kainama mpaka karibu na maiki. Haijui maiki, kaikaribia mno, sauti imejaa chumba kizima.

"Sema sisi," kamwambia mwanawe. "Sema sisi ndio tuliouza."

Hajira kafunika mdomo. Muksini ameanza upya, toka kwenye jina.

Simu ya studio imewaka. Na ya pili.